Alama Kando ya Maneno

Nikiwa mdogo chuoni Tiwi (chuo cha Qur'ani, si kile cha mjini nilichoacha baadaye), maalim alitufunza pia zile herufi ndogo zilizo juu ya mstari. Mim: simama, lazima. Lam-alif: usisimame. Jim: ukitaka simama, ukitaka pita. Hatukuzitamka, tulizitii tu. Mfumo huo unatokana na al-Sajawandi, mwanachuoni wa karne ya 12. Maneno hayakuguswa hata moja. Msomaji aliongezewa mwongozo tu.

Miaka baadaye nikakutana na Markdown, nikaona ni mambo yaleyale.

Mwaka 1964, MIT kule Marekani, Jerome Saltzer alitengeneza programu iitwayo RUNOFF. Unachapa maandishi ya kawaida, na mstari unaoanza na nukta unakuwa amri kwa mashine. Baadaye ikaja HTML, alama zikajaa mpaka macho ya binadamu yakachoka. Ndipo mwaka 2004 John Gruber, akisaidiwa na Aaron Swartz, kijana wa miaka 17, akatoa Markdown. Shabaha yake: maandishi yasomeke vizuri hata kabla ya mashine kuyapamba. Aliazima mazoea ambayo watu walikuwa nayo tayari kwenye barua pepe.

Misingi yake utaijua kabla chai haijapoa. Weka # na nafasi mwanzo wa mstari, hicho ni kichwa. ## ni kichwa kidogo. Kistari na nafasi, hiyo ni orodha. Neno likiwa na nyota mbili kila upande, hivi, linakoleza wino. Nyota na # ni vilevile unavyobonyeza kuangalia salio.

Mbona nakusumbua na haya? Marehemu bibi yangu alinihadithia visima vya zamani vya Tiwi. Nikayapanga masimulizi yake, yakapendeza, ndani ya programu moja ya kulipia. Muda wa malipo ukaisha, mafaili yakagoma kufunguka. Kilichosalia ni nilichochapa mbiombio kwenye simu siku ya kwanza: # Visima, chini yake majina tisa, kila jina na kistari chake. Faili hilo linafunguka popote, hata kwenye kisimu cha bei rahisi.

Majina tisa tu. Yeye alinitajia mengi zaidi.

Kama una mzee nyumbani, anza leo. Weka #, kisha jina lake.