Giza la Bugarama na Nuru Iliyotandazwa

Mtu asimamaye Bugarama, katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, mwishoni mwa Novemba, yapata saa tatu usiku, mvua ya jioni ikiwa imekwisha kulisafisha vumbi lililotanda angani tangu kiangazi, na mwezi ukiwa haujachomoza, huyo amejaaliwa neema ambayo wakazi wa miji mikubwa ya dunia wameikosa. Upande wa kaskazini, nusu ya njia baina ya upeo wa macho na utosi, pana doa hafifu kama pumzi iliyoganda juu ya kioo, nalo ndilo liitwalo Andromeda. Na upande wa kusini, nyuzi 20 hivi juu ya upeo, pana wingu dogo jeupe lisilopeperushwa na upepo, ambalo wanafalaki wameliita Wingu Dogo la Magellan. Hayo si mawingu, bali ni galaksi, yaani makundi makuu ya nyota zisizohesabika. Mtu wa Ulaya huliona la kwanza akanyimwa la pili, na mtu wa ncha ya kusini ya dunia huliona la pili akanyimwa la kwanza. Bali nchi hii, iliyo nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, huyapata yote mawili kwa usiku mmoja.

Neema hii ina tarikhi yake. Majira hayo hayo ndipo kilimia huchomoza mashariki wakati wa magharibi, na kilimia, kama jina lake linavyoshuhudia, ni nyota za kulima, ambazo Wabantu wengi, Wasukuma wakiwa miongoni mwao, waliziita kwa neno la shina hilo hilo, na kwa hizo wakapima msimu wa jembe. Watu wa pwani nao walisema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Basi mkulima wa zamani wa nchi hii, aliyetoka nje ya boma lake usiku akaelekea mashariki ili akithibitishe kilimia kabla ya kutoa mbegu ghalani, alikuwa na Andromeda mkono wake wa kushoto na Wingu Dogo mkono wake wa kulia. Na baina yake na nuru hizo kongwe hapakuwa na kizuizi chochote, kwa kuwa mwanga pekee wa ardhini ulikuwa ni makaa ya moto nyuma yake.

Wenye elimu ya nujumu nao waliziandika nuru hizo. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, alilitaja doa la Andromeda kuwa ni wingu dogo katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964; na wingu la kusini likapewa jina la Magellan kwa ajili ya safari iliyoanza mwaka 1519. Hata hivyo ilipita dahari kabla ya mtu kujua ni vitu gani. Mwaka 1912 Bibi Henrietta Leavitt wa Marekani, akichunguza nyota 25 za Wingu Dogo zinazong'aa na kufifia kwa zamu, alibainisha kanuni iliyounganisha urefu wa zamu hiyo na nguvu ya nuru ya nyota. Na kwa kanuni hiyo mwanafalaki Edwin Hubble, aliyeona nyota ya jinsi hiyo ndani ya Andromeda mwaka 1923, akathibitisha kwamba doa lile liko nje kabisa ya Njia ya Maziwa, yaani galaksi yetu. Leo tunahesabu kwamba nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 hata ikafika Bugarama.

Sasa mwenye kutafakari atauliza: ikiwa Andromeda kwa jumla hutufikishia nuru sawa na nyota ya wastani ionekanayo kwa macho, mbona nyota ile huonekana waziwazi ilhali galaksi hubembelezwa kwa jicho? Jawabu lake watu wa ukanda wa dhahabu wanalo mikononi. Mchimbaji atokaye katika duara la machimbo na kiroba cha mawe haulizi tu mlima mzima una dhahabu kiasi gani, bali huuliza tani moja ya mawe ina gramu ngapi. Kwani dhahabu iliyokusanyika katika mshipa mmoja humeta machoni, na dhahabu ile ile, uzito ule ule, ikitawanywa katika mwamba mpana, mtu huikanyaga asiijue. Nyota ni mshipa, galaksi ni mwamba. Nuru ya Andromeda imetandazwa juu ya eneo ambalo urefu wake ni kama mara 6 ya upana wa mwezi mpevu, hata kila kipande cha anga kikapata chembe tu, na sisi tukabaki kukiona kiini chake peke yake. Kipimo hicho cha nuru kwa kila kipande ndicho mng'ao wa uso.

Na kipimo hicho kina ajabu yake. Galaksi ikisogezwa mbali mara mbili, nuru yake hupungua ikawa robo, lakini eneo lake angani nalo hupungua likawa robo. Hivyo kila kipande hubaki na mng'ao ule ule. Darubini nayo, hata iwe kubwa namna gani, humkuzia mtazamaji umbo la galaksi, bali haiwezi kuuzidisha mng'ao wa uso wake machoni. Kinachoamua ni weusi wa anga linaloizunguka.

Weusi huo katika nchi hii ulipungua taratibu. Zamani palikuwa na moto wa kuni, kisha koroboi, kisha karabai iliyopigwa pampu kwenye maduka na arusi. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Lakini Bugarama, mbali na taa za migodi hiyo, iliendelea kulala gizani. Dhahabu ya Bulyanhulu, jirani na Bugarama, ilipogunduliwa katika miaka ya 1970, wachimbaji wadogo walifuata na makarai yao na kurunzi zao, hata walipoondolewa mwaka 1996. Na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa, kazi ikawa ya usiku na mchana, na taa zake zikawaka usiku kucha. Baadaye nguzo za umeme zilifika vijijini, watoto wakasoma usiku, akina mama wakajifungua penye mwanga. Na hakuna mwenye akili atakayetamani kuirudisha koroboi. Walakini nuru iendayo juu haimsomeshi mtoto wala haimlindi mchimbaji: hugonga vumbi na mvuke, ikatandaa angani, na galaksi ikamezwa humo. Juu ya mji mkubwa anga huweza kuwa na nuru mara 40 ya ile ya asili, au zaidi.

Wataalamu wenyewe waliwahi kudanganywa na mng'ao. Mwaka 1970 Ken Freeman wa Australia aliona kwamba galaksi nyingi zenye umbo la sahani zina mng'ao unaokaribiana katikati yake. Na mwaka 1976 Mike Disney wa Uingereza akaonya kwamba huenda sivyo zilivyoumbwa, bali ni sisi tusioziona zilizo hafifu zaidi. Ushahidi ulipatikana kwa njia ambayo mchenjuaji wa Kakola, kijiji jirani na mgodi, angeitambua mara moja, maana yeye hurudia marudio, yale mabaki yaliyokwisha kuoshwa na kutupwa, akapata dhahabu iliyowapita wa kwanza. Mtaalamu wa upigaji picha, David Malin, alibuni namna ya kuyarudia mabamba ya picha za anga na kuutoa humo ukungu uliofichika. Na mwaka 1987 ikatangazwa galaksi iliyopewa jina la Malin 1, kubwa kuliko ya kwetu mara kadhaa, nayo ilikuwa haijatambuliwa na mtu kwa wembamba wa nuru yake.

Nami nimejifunza kuitafuta Andromeda kama mwosha dhahabu anavyoliinamisha karai: pole pole, bila pupa. Mtu huketi gizani nusu saa nzima, simu ikiwa mfukoni, mpaka jicho lizoee. Kisha haikodolei macho, bali hutazama kando yake kidogo, kwa sababu pembe za jicho huhisi nuru hafifu kuliko katikati. Ndipo doa linapojitokeza, likapotea, likajitokeza tena. Taa moja ya uani isiyo na kofia yatosha kuliondoa.

Kwa hiyo ninaloliomba kwa taadhima ni jambo dogo lenye kuwezekana: taa za Bugarama, za mgodi na za madukani, zivikwe kofia na kuelekezwa chini panapofanyika kazi. Dhahabu ya nchi hii itachimbwa, nayo siku moja itakwisha. Lakini wingu lile dogo la kusini litaendelea kurudi kila Novemba pamoja na kilimia, na mtoto aliyemaliza kusoma chini ya taa astahili kutoka uani akaliona.