Kijana Aliyeokota Mpira

Kila nikimsikia mzazi anamwambia mtoto anayecheza gofu "jikaze tu," namkumbuka Bobby Jones wa Atlanta. Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, aliingia mashindano ya ubingwa wa ridhaa wa Marekani kule Merion akafika robo fainali. Watu walistaajabia mikono yake. Hasira zake nazo zilikuwa wazi: akikosea, fimbo inaruka na matusi yanafuata. Mtoto, basi.

Ikaja 1921, St Andrews, Uskochi. Sasa ana miaka 19. Raundi ya tatu, mashimo tisa ya kwanza yakamla mikwaju 46. Shimo la 10 likamharibia zaidi, na kwenye la 11 mpira ukatumbukia mchangani. Akapiga, akapiga tena, kisha akauokota. Amejitoa! Mwaka huohuo, kwao Marekani, fimbo aliyoirusha ilimpata mtazamaji mguuni, na rais wa chama cha gofu akamwandikia kwamba asipojizuia hatacheza tena mashindano yao.

Barua inaweza kumtisha kijana. Kumfundisha ni kazi nyingine, na hapo ndipo kitabu chake cha 1927, Down the Fairway, alichoandika na mwanahabari O.B. Keeler, kinaponivutia. Jones anaeleza kwamba aliacha kucheza dhidi ya mtu, akaanza kucheza dhidi ya "Mzee Par", yaani ile idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa kila shimo. Mpinzani akibahatisha, moyo wako unadunda. Mzee Par habahatishi, wala hakutazami. Mimi naona ni mbinu ya mtunzi wa hadithi: alijiumbia mhusika ili apate wa kushindana naye bila kumchukia. Mwaka 1923, pale Inwood, akatwaa US Open, taji lake kubwa la kwanza.

Miaka miwili baadaye, Worcester, mpira wake ulisogea kidogo alipokuwa akijiandaa kupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Akajishtaki mwenyewe, akaongezewa mkwaju mmoja, akamaliza sare na Willie Macfarlane, kisha akashindwa kwenye mchujo kwa mkwaju mmoja. Ukipiga hesabu, ule mkwaju ndio uliomnyima kombe.

Jamani, tusidhani woga ulimtoka. Hata wakati wa ushindi, wiki ya mashindano chakula kilikuwa hakipiti na mwili ulikuwa unapungua. Mwaka 1930 alishinda mataji yote manne makubwa ya enzi ile, akaacha mashindano akiwa na miaka 28 tu. Wanaouza "akili ya ushindi" kwa vijana huwa hawafiki kwenye ukurasa huo.

St Andrews alirudi mapema, 1927, akashinda Open. Watu wakambeba mabegani. Akaomba kombe lisiende Atlanta. Libaki palepale, kwenye mji ule alikookota mpira.