"Venture": pata potea ya baharini

Neno la Kiingereza "venture" lilikatwa kutoka "adventure", lenye asili ya Kilatini: jambo litakalotokea. Baadaye likaingia sokoni. Mwaka 1600, jijini London, waliochanga mtaji wa Kampuni ya East India waliitwa "adventurers". Wengi hawakupanda meli. Zilizosafiri ni pesa zao. Roho zilizokuwa rehani ni za mabaharia.

Shakespeare aliigeuza hesabu hiyo. Antonio ana mali baharini, lakini anaweka rehani nyama ya mwili wake mwenyewe. Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi.

Sisi tunasema pata potea. Basi mtu akikutambia "venture" yake, muulize: chombo kikizama, anayezama nani?