Kumtafuta Babu Askari: Nasaba ya Wanubi wa Uganda



Hapa Rugaaga tunaishi na majirani kutoka Somalia, Kongo, Burundi na Rwanda. Wasomali huwafundisha watoto wao kuhesabu majina ya mababa tangu wadogo. Familia nyingine hazina hazina hiyo, kwani vita vikimhamisha mtu, huacha nyuma karatasi na wazee. Leo tuwatazame ndugu zetu Wanubi, ambao mababu zao nao waliletwa Uganda na vita.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi huko Sudan, akaanzisha mapinduzi dhidi ya utawala wa Waturuki na Wamisri. Januari 1885 Khartoum ikaanguka. Jimbo la kusini kabisa, lililokuwa chini ya Emin Pasha, likabaki peke yake. Mwaka 1889 Emin aliondoka na Stanley, lakini askari wengi walibaki na Selim Bey upande wa Ziwa Albert. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipita Ankole, humu humu tunamoishi, akawafikia na kuwachukua waitumikie kampuni ya Waingereza. Walikuja na wake na watoto, maelfu ya watu, wakagawanywa katika maboma ya Toro na kwingineko. Mwaka 1902 jeshi la King's African Rifles lilipoundwa, wengi waliingia humo. Vizazi vyao wako Bombo, na hata Kibera, Nairobi.

Je, kijana wa leo atamfikiaje babu huyo? Njia si ndefu kama tunavyodhani: majina matano au sita yanatosha. Lakini tuangalie mambo matatu.

Kwanza, jina la familia huenda lilikuwa cheo. Effendi na Shawish ni vyeo vya jeshi. Havithibitishi kwamba babu alikuwa Mturuki.

Pili, wengi wa askari hao hawakuzaliwa Nubia. Walitoka makabila mbalimbali ya Sudan, na wengine walitekwa wakiwa vijana, wakapata jina la Kiislamu jeshini. Hapo ndipo mnyororo wa majina hukatika. Si aibu. Tusiuunganishe kwa ukoo wa kubuni.

Tatu, tuwaulize bibi zetu. Wanawake wengi waliolewa njiani na karibu na maboma. Anayejua bibi yake alitoka wapi, aghalabu atajua babu alilinda boma gani.

Jambo hili lina uzito. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, Wanubi wengi walikimbia nchi, kwa kuwa jina lao lilihusishwa naye. Katiba ya 1995 imewataja miongoni mwa jamii zilizokuwa Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926, na mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii hizo ana haki ya uraia wa kuzaliwa. Kwa hiyo kumjua babu si kwa kujifaharisha. Ni ushahidi pia.

Wazazi wa Rugaaga na Mbarara, wajukuu wetu nao watauliza tulifikaje hapa. Tuchukue daftari leo, tuandike majina ya baba na mama, kijiji tulichotoka, mwaka na njia tuliyopita, wazee wakiwa bado hai.