Mgonjwa wa kiharusi anapolemewa na huzuni: mlezi afanye nini?

Kiharusi hakiathiri mkono na mguu tu. Takribani mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Hali hii inatibika, lakini mara nyingi nyumbani hudhaniwa kuwa ni ukaidi au kudeka.

Kwa nini hutokea?

Kiharusi huharibu sehemu ya ubongo, na ubongo ndio unaoongoza hisia. Pia mgonjwa amepoteza mengi kwa siku moja. Aliyekuwa akilima au akiuza sokoni sasa anaogeshwa na watoto wake.

Dalili za kuangalia

- Huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi
- Kukosa usingizi au kulala kupita kiasi
- Kukataa chakula, dawa au mazoezi
- Kusema kwamba yeye ni mzigo

Wapo wanaolia au kucheka ghafla bila sababu, kisha wakanyamaza. Hii inaweza kuwa athari ya kiharusi kwenye ubongo, si lazima iwe huzuni. Usimkaripie. Subiri ipite, kisha umweleze mhudumu wa afya.

Unachoweza kufanya nyumbani

- Kaa naye umsikilize. Ukimwambia "jikaze", atanyamaza na kubaki na uchungu wake. Mwambie: "Naona ni vigumu. Nipo nawe."
- Kama hawezi kusema vizuri, muulize maswali ya ndiyo au hapana na umpe muda. Wengi huelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, hivyo msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo.
- Muulize kabla ya kumfanyia jambo: avae nguo ipi, aoge sasa au baadaye?
- Mwachie kazi anayoiweza, hata kuchambua maharage kwa mkono mmoja.
- Funga mlango unapomwogesha, hata kama ni mama yako mzazi.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Dalili zikifika wiki 2, mpeleke. Anaweza kupewa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Usimwachishe bila kumuuliza daktari.

Akisema anatamani kufa, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu karibu naye, na mpeleke siku hiyohiyo.

Mdomo ukipinda ghafla, au mkono ukilegea upya, huenda ni kiharusi kingine. Mkimbize hospitali mara moja.

Na wewe mlezi

Gawaneni zamu na ndugu, upate kulala na kula. Ukiona nawe unalia mara kwa mara au huna hamu ya chochote, mweleze mhudumu wa afya. Nawe unastahili kutibiwa.