Mtu wa Kumdhamini

Sisi tuliosomea ualimu Butimba, kule Mwanza, tulikuwa na utani wetu. Ukimwambia Msukuma kwamba umekaa Butimba miaka miwili, atakuuliza kwanza: "Upande wa chaki au upande wa ukuta?" Maana Butimba kuna chuo cha ualimu na kuna gereza, na wote wawili, mwalimu na mfungwa, hurudi nyumbani wakisema wametoka Butimba. Nilipokuwa kijana nilicheka sana kwa utani huo. Baadaye mwanafunzi wangu mmoja alikaa upande ule wa pili, nami nikaacha kucheka.

Nitafika kwake. Kwanza ningependa kueleza jinsi watu wa kwetu Binza, huku Maswa katika Mkoa wa Simiyu wa leo, walivyokuwa wakimrudisha mkosaji kundini, na jinsi serikali nayo ilivyojaribu.

Marehemu baba yangu alinisimulia kwamba katika utoto wake mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wizi hakufungwa. Alirudisha mbuzi, akaongeza cha fidia, kisha akatoa mnyama mwingine kwa ajili ya nzengo, yaani majirani wote wa kijiji. Mnyama yule alichinjwa na kuliwa hadharani, na mwizi mwenyewe alikaa pale pale akala pamoja nao. Baba alikuwa akisisitiza jambo hilo la mwizi kula. Aliyekataa kulipa ndiye aliyeadhibiwa kweli: hakuna aliyempa kaa la moto, hakuna aliyemwazima jembe, akifiwa alizika peke yake. Hata hivyo hakukosa mlango wa kurudia. Siku alipokuja na mbuzi wake, mzee mmoja, mara nyingi mjomba, alisimama mbele ya banamhala akasema, "Huyu ni wangu, akirudia mnidai mimi." Hapo ndipo moto ulipowashwa tena. Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Aliyeshukiwa uchawi hakupata mlango huo, na hilo ni doa tusilopaswa kulificha.

Mwaka 1947 serikali ya Tanganyika ilipitisha sheria ya kuwaweka wakosaji chini ya uangalizi badala ya kuwafunga. Ilikuwa sheria nzuri. Mahakama ilimweleza mkosaji kwa lugha nyepesi masharti atakayoyafuata kwa muda usiozidi miaka mitatu, nayo haikuweza kumweka chini ya masharti hayo asipokubali mwenyewe. Akiyavunja, au akikosa tena, anarudishwa kizimbani na kuhukumiwa kwa kosa lile la kwanza. Katikati yake na mahakama alisimama ofisa wa uangalizi, ambaye kazi yake ilikuwa kumtembelea, kujua anaishi na nani na anafanya kazi gani, na kumwarifu hakimu. Sheria mama ya Uingereza, ya mwaka 1907, ilimtaka ofisa huyo amshauri mkosaji, amsaidie na awe rafiki yake. Naona ajabu mpaka leo kwamba neno rafiki liliingia katika sheria ya makosa ya jinai.

Lakini hata Waingereza hawakulibuni jambo hili. Mwanzo wake hutajwa kuwa Boston, Marekani, mwaka 1841, na mwanzilishi hakuwa hakimu wala polisi bali mshona viatu, John Augustus. Siku hiyo alikuwa mahakamani akamwona mlevi aliyekuwa karibu kupelekwa kifungoni. Akaongea naye kidogo, akamwekea dhamana, akaondoka naye. Baada ya wiki tatu akamrudisha mbele ya hakimu, na watu hawakumtambua kwa jinsi alivyobadilika. Hakimu alimtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Augustus aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 1859, na inakadiriwa kwamba aliwadhamini watu wapatao 2,000. Niliposoma habari zake nilimkumbuka yule mjomba wa simulizi za baba. Wote wawili walisema neno lile lile.

Tatizo la sheria yetu ya 1947 lilikuwa kwamba ilitaka mtu wa kuitekeleza, na mtu huyo hakuwapo Binza. Kwa miaka mingi huduma hiyo ilikuwa ya mijini. Kisha mwaka 1963, mwaka ule ule utemi ulipofutwa, ikaja sheria ya adhabu za chini iliyolenga wizi wa mifugo na makosa mengine kadhaa: kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Ndugu msomaji, fikiria viboko vya siku ya kutoka. Mtu amemaliza deni lake, mke wake yuko langoni na kitenge kipya, naye analazwa chini kwanza. Viboko hivyo viliondolewa sheria ilipoandikwa upya mwaka 1972, lakini kwa makosa hayo mlango wa uangalizi ulibaki umefungwa kwa sehemu kubwa.

Wakati huo mifugo iliendelea kuibwa, na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka upande wa Kahama, Sungusungu walipozuka. Walijiita basalama, watu wa salama. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi, na mwano ulipopigwa usiku kila mwanaume alitoka. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo likawapa uwezo wa kukamata. Ng'ombe walilala salama, hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba watu walipigwa na wengine waliuawa, wakiwamo wasiokuwa na kosa. Nimewasikia wasomi wakisema Sungusungu walikuwa ukatili mtupu, na wazee wakisema walikuwa wokovu mtupu. Wote nadhani hawakukaa kijijini miaka ile.

Sasa nije kwa kijana wangu. Ulikuwa mwaka 1984, mimi nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kijana huyu alikuwa amemaliza darasa la saba shuleni kwetu miaka michache nyuma. Alikuwa hodari wa hesabu, mpole, yatima wa baba. Msimu wa pamba aliiba baiskeli aina ya Swala, akakamatwa nayo siku ya pili akijaribu kuiuza mnadani. Polisi walimwahi kabla ya Sungusungu, akafikishwa mahakamani, akakiri.

Hakimu alikuwa mtu wa busara. Kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, alifikiri kumwachilia kwa masharti. Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa Shinyanga, mwendo wa siku nzima kwa barabara za wakati ule, kwa hiyo akatuma karani kwangu. Aliomba barua tu: niseme namfahamu kijana huyo, mwenendo wake ulikuwaje shuleni, na kama niko tayari kumtazama kwa mwaka mmoja.

Sikuandika. Nilimwambia karani nitaituma Jumatatu. Mwenye baiskeli alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na miezi ile mtu aliyemsemea mwizi alianza kutazamwa kama mshirika wake. Nilikuwa na mke, watoto wanne na nyumba ya serikali. Hizo ndizo sababu zangu, na nimezigeuza miaka arobaini bila kuona uzito wake ukiongezeka. Jumatatu ilipita. Kijana alifungwa miezi minane, upande wa ukuta.

Aliporudi alikuta nzengo inamsubiri. Mjomba wake alimpeleka mbele ya basalama wakamtoza mbuzi, na kwa kuwa hakuwa na mbuzi alilima shamba la mtu msimu mzima ili ampate. Mbuzi akaliwa chini ya mkwaju. Mimi nilialikwa, nikasema naumwa.

Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya huduma kwa jamii. Zimbabwe ilikuwa imeanza mapema miaka ya 1990, Kenya ikafuata mwaka 1998 na Uganda mwaka 2000. Sisi tulichelewa kidogo, magereza yakiwa yamejaa. Mwenye kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza sasa kukitumikia nyumbani kwake, akifanya kazi ya umma bila malipo kwenye zahanati, shule au barabara, chini ya usimamizi. Maofisa wa kazi hiyo wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kabla hakimu hajaamua, ofisa humchunguza mkosaji: huuliza familia, majirani na viongozi wa mtaa kama wako tayari kuishi naye. Nilipolisoma hilo nilitabasamu, kwa sababu ndilo swali la banamhala, ila sasa lina fomu. Wapo wanaonung'unika kwamba mwizi kufagia zahanati si adhabu. Mimi nawauliza kama wamewahi kufagia mbele ya macho ya mama waliyemwibia.

Mwaka juzi ofisa mmoja, binti mdogo mwenye pikipiki, alifika kwangu kuuliza habari za kijana wa jirani aliyekata miti ya msitu wa hifadhi. Nilimweleza ninayoyajua, nikatia sahihi. Alipoondoka nilichukua fimbo yangu nikatembea mpaka kwa mwanafunzi wangu yule wa baiskeli, ambaye sasa amekaribia sitini, ana wajukuu na mashine ya kusaga. Miaka yote hiyo, tukikutana njiani, alikuwa akinipa shikamoo yake kamili, kofia mkononi.

Alinipa kiti nikakaa. Nikamwambia juu ya karani, na barua, na Jumatatu.

Alinyamaza kidogo, akazima mashine ili tusikilizane.

"Najua, mwalimu," akasema. "Hakimu alilisema mbele yangu siku ile, kwamba shule imeulizwa na haikujibu."

Kisha akamwita mjukuu wake alete maji ya kunywa.