WILSON, MONICA HUNTER (1908–1982), mtafiti wa suhuba na siri za moyo katika nchi ya Rungwe na Songwe

Monica Hunter Wilson alikuwa mwanazuoni wa elimu ya mila na jamii, aliyezaliwa Lovedale, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1908, katika nyumba ya wamisionari wa Kiskoti. Hakuwa mwalimu wa saikolojia kwa cheo, wala hakuwahi kumpima mtu kwa dodoso; lakini maswali yaliyomshughulisha kwa nusu karne, yaani namna hulka ya mtu inavyofinyangwa na wale anaokaa nao, madhara ya kinyongo kilichofichwa, na fadhila ya kulitamka lililo moyoni mbele ya jamaa, ndiyo yale yale ambayo wanasaikolojia wa Marekani walianza kuyapima baadaye kana kwamba yamezuka upya. Aliyapata majibu yake katika wilaya ya Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambayo zamani hizo iliikumbatia pia nchi ya Ileje. Na Isongole, mji wa mpakani unaotazamana na Chitipa ya Malawi, ambao siku hizi umo katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umo ndani ya eneo alilolieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya watu wa ukanda ulio baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakiwamo Wanyakyusa, Wandali, Walambya, Wanyiha na Wasafwa.

Alisoma Girton, Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata shahada ya udaktari mwaka 1934 kwa utafiti wake miongoni mwa Wapondo wa Afrika ya Kusini, uliochapishwa mwaka 1936 kwa jina la Reaction to Conquest. Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, mtafiti mwenziwe, ambaye alikuwa amekwisha tangulia kufika kwa Wanyakyusa mwaka mmoja nyuma, na wote wawili wakafanya kazi huko mpaka mwaka 1938, Godfrey akikaa zaidi na wanaume na wazee, Monica akisikiliza zaidi wanawake na Wakristo. Haifai kuyataja haya bila kumtaja Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, kwa kuwa mengi ya maneno ya wenyeji yaliyohifadhiwa katika daftari zao za utafiti yalipita mkononi mwake, na insafu inatutaka tumhesabu kuwa mshirika wa elimu ile wala si mtumishi wake. Godfrey akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini. Akafariki mwaka 1944, akimwachia mjane wake watoto wawili wa kiume na rundo la maandishi ambayo hayajachapishwa. Monica akayabeba. Kutoka katika rundo hilo ndipo vilipotoka Good Company mwaka 1951, kisha kitabu cha ibada za jamaa mwaka 1957, cha ibada za kaumu nzima mwaka 1959, na cha mwisho, For Men and Elders, mwaka 1977.

Msingi wa hoja yake ni vijiji vya marika. Kwa Wanyakyusa wa zama zile, mvulana alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka kulala katika nyumba ya baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenziwe wa hirimu moja pembeni mwa kijiji cha wakubwa, na wakawa wanakwenda kwa makundi kula kwa mama zao, leo kwa huyu na kesho kwa yule, huku wakiendelea kulima mashamba ya baba zao. Wakaoa humo humo, wakazeeka humo humo. Sababu waliyoitoa wenyewe ilikuwa staha: si uzuri mtoto aliyekwisha kupambanukiwa alale karibu na wazazi wake, wala mkwe mwanamke hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe. Lakini Monica Wilson aliona tunda jingine la mpango huo, nalo ni ukwangala, furaha ya kukaa na watu, kula na kunywa pamoja, mazungumzo ya bashasha baina ya walio sawa. Mtu wa tabia njema kwao hakuwa yule mwenye mali peke yake, wala shujaa peke yake. Alikuwa mkunjufu, mwenye taadhima na busara, asiyekula peke yake. Hulka, kwa maneno mengine, ilifundishwa na rika, na aliyejitenga na wenziwe alihesabiwa kuwa hakukamilika utu wake.

Ndipo tunapofika penye kiini cha kazi yake. Palipo na ujirani wa karibu namna ile pana uchungu pia, na Wanyakyusa waliamini ya kuwa ghadhabu isiyosemwa ni hatari kwa mwili. Jirani walionung'unika juu ya mtu bahili, au juu ya mwana aliyewavunjia heshima wazee, walisemekana kumpelekea baridi inayoleta homa, na hiyo waliiita pumzi ya watu. Kadhalika katika jamaa: mzee aliyeguna chini kwa chini, akiwa na hasira na nduguye, aliweza kuleta maradhi au utasa nyumbani bila ya kutaka. Dawa yake ilikuwa kusema. Wakati wa ibada ya jamaa kila mwenye kinyongo alitakiwa akitamke waziwazi mbele ya wenziwe, ugomvi utajwe kwa jina lake, kisha watakane radhi. Na kutema maji kwa kuyapuliza kulikuwa ishara ya kuitoa hasira nje. Aliyekuja ibadani kwa uso wa kucheka na moyo uliofungwa alihesabiwa kuwa ameiharibu sala yenyewe. Sijui maelezo mengine ya kitaalamu, katika Afrika ya Mashariki, yaliyoufafanua uhusiano huu wa siri, ugonjwa na upatanisho kwa utulivu na subira kama haya.

Linganisha na yaliyofuata ng'ambo. Mwaka 1958 Sidney Jourard, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Florida, alitoa pamoja na Paul Lasakow dodoso la maswali 60, likimwuliza mtu ni mambo gani ya nafsi yake aliyopata kumweleza mama, baba, rafiki na mwenzi wa ndoa. Akaona kwamba wanawake hujieleza zaidi kuliko wanaume, na kwamba anayefunguliwa moyo aghalabu naye hufungua wake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi misiba yao kwa siku nne mfululizo, na walioandika tukio pamoja na hisia zake walipunguza kwenda kwa mganga katika miezi iliyofuata. Elimu hizi ni za thamani. Hata hivyo zinamtazama mtu peke yake na karatasi yake, au mtu na msiri wake mmoja, ilhali Monica Wilson alionyesha ya kuwa maungamo yana mahali pake, wakati wake na mashahidi wake, na kwamba msikilizaji naye ana wajibu, kwa maana akishasikia hana ruhusa ya kubaki na chuki. Hapa, kwa rai ya mwandishi huyu, ndipo alipowazidi.

Hakuishia kwenye sifa. Katika makala yake ya mwaka 1951 aliwapambanisha Wanyakyusa na Wapondo juu ya imani ya uchawi, akabainisha ya kuwa Mnyakyusa, aliyekaa na majirani wasio wa ukoo wake, alimhofu mchawi mlafi wa nyama na maziwa, ambapo Mpondo, aliyekaa katika boma la ukoo, alihofu matamanio ya mwili. Hofu ya moyoni ilifuata ramani ya makazi.

Wako waliomkosoa. Simon Charsley mwaka 1969 na Michael McKenny mwaka 1973 walidai kwamba alivipa vijiji vya marika umbo timilifu kuliko vilivyokuwa, na utafiti wa Philip Gulliver wa miaka ya hamsini juu ya ardhi na vibarua wa migodini ulidhihirisha jinsi uhaba wa mashamba ulivyokuwa ukiuvunja mpango huo. Ukosoaji huo una haki, wala hauigusi hoja ya kinyongo na kusema.

Alifundisha Fort Hare, Chuo Kikuu cha Rhodes, na kuanzia 1952 mpaka 1973 Chuo Kikuu cha Cape Town; alifariki Hogsback tarehe 26 Oktoba 1982. Daftari zake na za mumewe zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Lakini habari zake nyingi na nzito ni za Wanyakyusa, na za Walambya na Wandali alizipitia kwa ufupi, hivyo asije msomaji akawavika watu wa Isongole vazi lililoshonwa kwa kipimo cha Rungwe. Walimu na wanafunzi wa Ileje, Mbozi na Tunduma wangali na wazee wa kuwauliza jinsi jamaa zao zilivyokuwa zikitoleana kinyongo. Na wayaandike majibu hayo kwa Kiswahili na kwa lugha zao, mapema.